HABARI GANI HUWEKWA MBELE?
(Mazungumzo kwa wanachama, Nyarugusu)



Januari 2017 watu 15, mmoja wao Mchina, walinaswa chini ya kifusi mgodini hapa hapa Nyarugusu. Redio na magazeti yakatutaja mpaka wote wakatolewa wazima. Kwa nini? Walikuwa wengi, mgeni alikuwamo, na kila aliyesikia leo alitaka kujua kesho wametoka au bado. Mhariri huipenda sana habari ya namna hiyo, maana inamrudisha msomaji.

Sasa tazameni Nyangalata, Kahama. Wachimbaji walifukiwa Oktoba 2015. Mwezi ule ulikuwa wa Uchaguzi Mkuu, kurasa zimejaa wagombea. Novemba watano wakakutwa hai baada ya siku 41. Hapo hata BBC ikaitangaza. (Kule Chile, 2010, watu 33 walikaa chini siku 69, dunia nzima ikakesha nao.)

Lakini, ndugu zangu, yule mmoja anayepigwa na jiwe duarani usiku, nani anamtangaza? Mwandishi yuko mjini, nauli huenda anatoa mfukoni, na mtu mmoja kwake si habari. Mimi simlaumu sana. Ila matimba yaliyooza yanaua mmoja mmoja, na wakubwa nao husikia yale yanayotangazwa.

Basi ajali ikitokea, hata ya mtu mmoja, tuandike siku, duara na chanzo chake. Karatasi moja ibandikwe ubaoni hapa, nakala iende kwa Afisa Madini. Kalamu iko kwa katibu.