Pesa Zifuate Kazi: Jinsi ya Kumtambua Fundi Tapeli



Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi Ukambani. Kabla haijaanza, kutoka Mwingi na Mutomo hadi Wote na Kibwezi, nyundo husikika kila upande. Mabati yaliyotoboka yanabadilishwa, mitaro ya kukinga maji ya paa inafungwa, matangi yanawekwa. Kwa boma nyingi za Kitui na Makueni paa ni kama kisima. Likivuja, familia inalowa, na maji ambayo yangetumika Januari na Februari yanapotelea ardhini.

Tapeli analijua hilo. Anajua mwenye nyumba ana haraka, na haraka ndiyo mtaji wake.

Mara nyingi tapeli huja bila kuitwa. Husema amemaliza kazi kijiji cha pili, amebakiwa na mabati, na bei ni ya leo tu. Mfano ni huu: kazi yote inakadiriwa kuwa shilingi 90,000. Fundi anaomba 60,000 kwanza "za vifaa", na siku hiyo hiyo anang'oa mabati ya zamani. Kesho yake anasema bei imepanda, anataka 20,000 zaidi. Nyumba iko wazi, mawingu yanakusanyika, na mwenye nyumba hana nguvu tena ya kubishana. Analipa. Kesho kutwa simu imezimwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba bati la zamani lisiguswe kabla vifaa vipya havijafika na kuhesabiwa.

Kuna wizi mwingine wa kimyakimya. Mwenye nyumba analipia mabati ya geji 28, yanapandishwa ya geji 32. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na likishapigiliwa ni vigumu kutambua ukiwa chini. Saruji nayo hununuliwa mifuko kumi, saba ikatumika na mitatu ikauzwa. Plasta iliyokosa saruji hukwaruzika kwa ukucha. Dawa ni mwenye nyumba, au mtu wake anayemwamini, kwenda dukani mwenyewe, kusoma geji na alama ya ubora ya KEBS, kulipa, kuchukua risiti yenye jina la duka na kuhesabu vifaa vinaposhushwa. Fundi alipwe ufundi wake tu.

Walio hatarini zaidi ni wanaojenga kwa simu. Mwana au binti anayefanya kazi Nairobi, Mombasa au Ghuba hutuma pesa kwa M-Pesa, akatumiwa picha za ukuta unaopanda. Picha inaweza kuwa ya nyumba ya mtu mwingine. Afadhali apige simu ya video huku mzazi au jirani akitembea kwenye kiwanja, na pesa za vifaa azitume kwa nambari ya malipo ya duka, si kwa simu ya fundi.

Kabla ya kazi kuanza, mambo haya yatimizwe:

Mosi, fundi aonyeshe kitambulisho na kazi mbili alizofanya karibu. Mwenye nyumba aende azione na azungumze na wenyewe. Anayejiita mwanakandarasi aliyesajiliwa atoe nambari yake, na jina likaguliwe kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA.

Pili, waandikiane. Karatasi moja inatosha: kazi ni ipi, vifaa vya aina gani, bei, tarehe ya kumaliza, na malipo yatatolewa hatua gani. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, malipo yafuate hatua zilizokamilika, na sehemu ya mwisho ibaki hadi kazi ikaguliwe. Paa limwagiwe maji, mitaro itazamwe kama inapeleka maji kwenye tangi.

Mafundi wengi ni watu wa haki, na wengine wamewahi kudhulumiwa na wenye nyumba waliokataa kulipa. Karatasi hiyo inawalinda na wao. Anayekasirika akiombwa kuandika amekwisha kujieleza.

Na aliyekwisha kutapeliwa? Asifute ujumbe wa M-Pesa. Aupeleke polisi pamoja na risiti, picha na makubaliano. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayejipatia mali kwa udanganyifu kifungo cha hadi miaka 3. Lakini sheria huangalia uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita, kwa mfano mtu kudai amesajiliwa na hajasajiliwa. Ahadi iliyovunjwa pekee, ya "nitarudi Jumatatu", kwa kawaida huhesabiwa kuwa madai ya kawaida. Ndiyo maana inafaa kuandika pia fundi alijitambulisha vipi.

Madai hayo nayo yana njia. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Hakuna ulazima wa wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Karani wa mahakama iliyo karibu ataeleza mahali pa kuwasilisha.

Mvua haimsubiri mtu, ni kweli. Lakini siku mbili za kuuliza, kuandika na kuhesabu ni chache kuliko msimu mzima chini ya turubai. Pesa zifuate kazi, zisiitangulie.