Ufunguo wa Mlango wa Dharura Uko kwa Nani?

Wasikilizaji, ripoti ya tume ya Jaji Sisi Khampepe mmekwishaisikia. Ilipotoka Mei 2024, taarifa zetu za habari ziliisoma asubuhi, mchana na usiku wiki nzima: jengo la Usindiso, ghorofa tano, mtaa wa Albert, katikati ya Johannesburg; moto wa usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 31 Agosti 2023; watu 76 wamekufa; Jiji la Johannesburg, ambalo ndilo mwenye jengo, limebebeshwa lawama kwa kulitelekeza. Mmesikia pia kwamba tume imetaka jengo libomolewe. Hayo hatuyarudii.

Sisi hapa redioni tumebaki na jambo moja tu. Geti. Watu waliamka na moshi, wakakimbilia kutoka, wakakuta geti limefungwa. Waliokuwa juu wakaruka madirishani. Wengine waliwatupa watoto wao chini ili wadakwe na waliokuwa barabarani. Humo ndani walikuwamo Wamalawi, Wazimbabwe, Waafrika Kusini wenyewe, na walikuwamo Watanzania wenzetu waliokwenda kutafuta maisha. Ufunguo wa geti lile ulikuwa kwa nani?

Atasema mtu kwamba lile lilikuwa pagale, limevamiwa na watu wasio na pa kulala, na kwamba maghorofa yetu sisi yana wenyewe, yana vibali, yana vyeti vimetundikwa ukutani. Msikilizaji, Usindiso nalo lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Jiji. Jiji hilohilo ndilo linalotunga sheria ndogo za majengo, ndilo lenye wakaguzi, ndilo lenye magari ya zimamoto. Mwenye nyumba, mkaguzi na mzima moto walikuwa mtu mmoja, na bado watu 76 walikufa. Kwa hiyo tusijifariji kwa cheti.

Tuje nyumbani, Kariakoo. Mkaguzi anafika saa nne asubuhi. Anakuta geti limeachwa wazi pande zote mbili, kwa sababu wateja wanaingia na kutoka. Mitungi ya kuzimia moto imetundikwa, tarehe zake hazijapita. Kibao cha mlango wa dharura kipo, cha kijani, kinang'aa. Anaandika, anagonga muhuri, anaondoka. Hana kosa. Alichokiona ndicho alichokiandika.

Sasa rudi jengo lilelile saa nne usiku. Fremu za chini zimeteremsha mageti. Kila ghorofa imefunga geti lake la nondo kwenye ngazi, kwa sababu wa ghorofa ya kwanza hawaamini wa ghorofa ya tatu, na wa ghorofa ya tatu hawamwamini mtu yeyote. Ngazi ya nyuma, ile ya dharura, imejaa marobota na maboksi mpaka dari, maana stoo ni ghali na ngazi ni bure. Juu wapo mafundi cherehani wanamalizia oda ya harusi. Wapo vijana wanaolala juu ya mzigo ili wausindikize alfajiri. Zipo familia ghorofa za juu kabisa, watoto wameshalala. Na ufunguo? Ufunguo uko kwa mlinzi mmoja, ametoka kidogo, amekwenda kunywa chai.

Jengo lililokaguliwa silo linaloungua. Tunataka wakubwa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watusikie hapo, kwa sababu tumelisema mwaka jana, tukalisema mwaka juzi, na leo tunalisema tena. Moto mkubwa una tabia ya kuja usiku. Usindiso iliwaka saa saba usiku na ushei. Jengo la Grenfell kule London, mwaka 2017, moto ulianza muda mfupi kabla ya saa saba usiku. Soko letu la Kariakoo liliungua usiku, Julai 2021, na tukamshukuru Mungu kwamba wakati ule halikuwa na watu, tukalala. Bweni la shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, Machi 2001: usiku. Wavulana 67. Lile halikuwa ghorofa, lilikuwa jengo la chini kabisa, hatua chache tu kufika uwanjani. Lakini madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Ukiwa umefungiwa, hata jengo la chini ni refu.

Wenye majengo wana jibu lao, na si jibu la kijinga. Wanasema: nikiacha wazi, naibiwa. Ni kweli. Mwizi yupo, tena ana simu na ana pikipiki. Ila mtu akipima hasara, mwizi anamwona kila siku na moto hajawahi kuuona, kwa hiyo kufuli linashinda. Huko New York, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Wenye kiwanda walihofia wafanyakazi wasitoke na vitambaa, kwa hiyo mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulifungwa kwa ufunguo na kila msichana akalazimika kutokea upande mmoja ili apekuliwe mkoba. Moto ulichukua chini ya nusu saa. Walikufa 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Ngazi za zimamoto zilifika, zikanyanyuliwa, zikaishia ghorofa ya sita. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa. Na lile jengo halikuungua likaanguka. Limesimama mpaka leo, ni la chuo kikuu, wanafunzi wanasomea humo. Kuta zilihimili. Tatizo lilikuwa ufunguo.

Ni zaidi ya miaka mia moja sasa. Na fundi yeyote wa milango anajua dawa: mlango wenye fimbo ya kusukuma. Nje huwezi kuufungua bila ufunguo, kwa hiyo mwizi anabaki nje. Ndani unausukuma kwa kiuno, umebeba mtoto, huoni kitu, unafunguka, na unafunguka kwa nje, kwa sababu watu hamsini wakiusukumia kifua mlango unaofunguka kwa ndani, hakuna atakayeuvuta. Mahoteli makubwa ya mjini yanayo milango hiyo. Mgeni wa hoteli analala siku mbili amewekewa fimbo ya kusukuma. Mpangaji analala miaka kumi amewekewa kufuli.

Tuseme kidogo kuhusu moshi, maana watu wengi bado wanadhani wataungua. Kinachoua kwanza ni moshi, tena kabla hujauona moto wenyewe. Moshi wa magodoro, wa plastiki, wa viatu vya raba vilivyorundikwa stoo, ukiuvuta mara chache unazimia. Na moshi unapanda. Ngazi isiyo na milango inageuka dohani, inaupeleka juu kwa wale walio mbali zaidi na barabara. Ndiyo maana mlango wa kuingilia ngazini unatakiwa uwe umerudishwa muda wote, na ule wa kutokea nje uwe unafunguka muda wote. Sisi tumefanya kinyume chake. Mlango unaopaswa kurudishwa tumeuwekea jiwe ili upepo uingie, na mlango unaopaswa kufunguka tumeuwekea kufuli. Grenfell ilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Moshi ulipoingia humo, watu wakaambiwa wabaki ndani, na ushauri ulipobadilishwa wengi hawakuwa na njia tena. Walikufa 72. Maghorofa yetu mengi yana ngazi mbili kwenye ramani. Kwenye ramani! Nenda ukaitafute ya pili.

Lifti tunaipita haraka: usiiguse. Umeme ukikatika umejifungia mwenyewe.

Kuna kufuli jingine ambalo halina mkaguzi, nalo liko ndani ya nyumba zetu wenyewe. Baba na mama wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni. Ghorofa ya nne. Ndani wanabaki watoto wawili na dada wa kazi, binti aliyeletwa juzi kutoka kijijini. Mlango wa mbao unafungwa, geti la chuma linafungwa, ufunguo unaingia kwenye mkoba wa mama na mkoba unapanda daladala mpaka Posta. Kwa nini? Dada asije akatoroka, dada asije akaingiza watu. Madirisha yana nondo, kuanzia sebuleni mpaka chooni. Tunauliza kwa heshima zote: mwizi gani huyo anayepanda ukuta mpaka ghorofa ya nne? Mtatwambia nondo ni za kuzuia watoto wasianguke. Sawa, hiyo ni hoja ya mzazi na tunaikubali. Basi nondo za dirisha moja ziwe na bawaba na komeo kwa ndani, mahali anapofikia dada na asipofikia mtoto. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo kwa nusu siku. Na ufunguo wa pili ubaki ndani, kwenye msumari, kila aliyemo aujue. Unayemwachia watoto wako umwachie na mlango.

Tunajua tunakoelekea na kawaida yetu. Likitokea la kutokea, tutalisema gari la zimamoto. Limechelewa, halina maji, limekwama kwenye kona ya Mtaa wa Kongo kwa sababu ya meza za biashara. Malalamiko hayo ni ya haki na redio hii imeyatoa mara nyingi kuliko tunavyopenda. Ila safari hii tumeyachoka kidogo, kwa sababu hata gari likifika kwa dakika tano, limejaa maji, na ngazi yake ni mpya, litakuta kufuli. Askari ataanza kukata chuma. Wakati anakata chuma, juu wanavuta moshi.

Sheria tunayo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007. Wakaguzi tunao, ada zinalipwa, vyeti vinatolewa. Tunachokitaka ni kitu kimoja: ukaguzi wa usiku. Bila barua, bila taarifa, bila mwenye jengo kupigiwa simu mchana akaambiwa ajiandae. Mkaguzi afike saa tano usiku, apande mpaka ghorofa ya juu kabisa, kisha aseme: sasa nataka kutoka, na mlinzi sitamwita. Akitoka, cheti kibaki ukutani. Akishindwa kutoka, cheti kishuke palepale, na fremu za jengo hilo zisifunguliwe asubuhi mpaka kufuli liondoke. Waziri wa Mambo ya Ndani asisubiri tume. Johannesburg wamepata tume nzuri, jaji mzuri, ripoti nzuri, na wamezika watu 76.

Na wewe mpangaji usikae ukamsubiri waziri. Leo ukirudi nyumbani, acha lifti, shuka kwa ngazi ile ambayo hujawahi kuishuka. Ishuke mpaka chini, uone inakotokea. Ukikuta marobota, muulize mwenyewe mbele ya watu. Ukikuta kufuli, lipige picha. Mwenyekiti wa wapangaji, itisha kikao Jumapili hii, na ajenda iwe hiyohiyo moja: ufunguo uko kwa nani? Mama, toa ufunguo wa pili kwenye mkoba kabla hujalala. Bwana mwenye jengo, weka fimbo ya kusukuma, na umpunguzie mpangaji kodi ya ile ngazi uliyomgeuzia stoo, maana unampangishia kaburi lake! Na namba ya zimamoto ni 114. Ni bure. Mfundishe dada, mfundishe mtoto wa darasa la pili, waikariri kama wanavyokariri jina lao.

Nawe ndugu mlinzi uliye zamu usiku huu, unayetusikiliza hapo getini kwa simu yako: tunajua uliyeajiriwa ni wewe na aliyeamuru kufuli si wewe. Mkigombana na mwenye jengo kesho mwambie redio imesema. Lakini juu yako hapo wapo watu. Nyanyuka sasa hivi, ukafungue ule mlango wa nyuma.