Anayetuuguza Naye Ana Pumzi



Tarehe 10 Julai 2020 tulimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini Kenya kufa kwa korona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hadi Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo ulimwenguni.

Tuliwaombea, ndiyo. Lakini je, tuliuliza kama wana barakoa na glavu? Muuguzi huinama karibu na uso wa mgonjwa, na pumzi ile ndiyo ibebayo virusi. Desemba 2020 madaktari wetu waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Wengi wetu tulinung'unika tu.

Ndugu yangu, yule Msamaria hakusema pole kisha akapita. Alitoa mafuta, divai, punda wake na fedha zake. Huruma isiyogharimu kitu haimfungi mtu jeraha.

Basi ukienda zahanati juma hili nawe unakohoa, funika kinywa na pua. Ukiwa mzee wa kamati, uliza kama glavu zipo. Anayetuuguza naye ana pumzi, na ana watoto wanaomngoja mlangoni.

Mungu awabariki.