Dawa ya Kinga ni Lindo la Mtoto

Hakuna kamanda anayewaondoa walinzi lindoni kwa sababu usiku uliopita ulikuwa shwari. Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, anafahamu kwamba huenda usiku ulikuwa shwari kwa kuwa walinzi walikuwapo. Lakini jambo hili linaloeleweka vizuri kazini husahauliwa upesi nyumbani. Mtoto mwenye pumu akilala wiki tatu bila kukohoa, wazazi huona kwamba amepona, na dawa yake ya kinga huwekwa juu ya kabati. Hapo ndipo lindo linapovunjwa.

Katika Muhuta, ambako barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kifua cha mtoto kina maadui wengi. Upo moshi wa kuni na makaa jikoni, na upo moshi wa mahali mawese yanapochemshwa. Kiangazi huja na vumbi, masika huja na unyevu na kuvu ukutani, na mafua huja wakati wowote. Njia za hewa za mtoto mwenye pumu huwa zimevimba kidogo kwa ndani hata siku anayocheza mpira ufukoni. Adui mmojawapo akipita, misuli inayozizunguka hukaza, makohozi hujaa, na pumzi huanza kupiga filimbi.

Ugonjwa huu si wa kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazitumiki ipasavyo.

Hapana budi kutofautisha dawa za namna mbili. Ya kwanza ni salbutamoli, ambayo ni kikosi cha dharura. Hulegeza misuli na kufungua njia za hewa katika dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Ya pili ni dawa ya kinga, kama beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kwa pampu kila siku. Hii hutuliza uvimbe polepole, kwa siku na majuma, wala haimwokoi mtoto aliyekwisha kubanwa. Anayempa mtoto dawa ya kinga peke yake wakati wa dharura amempeleka mlinzi wa lango kuzima moto. Na anayetegemea salbutamoli peke yake mwaka mzima anazima moto kila siku bila kuuliza unawashwa na nani. Mtoto akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa juma, ni dalili kwamba lindo lake ni dhaifu, na apelekwe kwa mganga. Rangi za pampu hutofautiana, kwa hiyo lisomwe jina la dawa.

Wazazi wengi huiogopa dawa ya kinga kwa kuwa ni ya jamii ya steroidi. Hofu hiyo ina sababu, ila mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Katika maduka ya dawa hupatikana vidonge na maji ya kutibu mzio ambamo dawa ya mafua imechanganywa na betametasoni. Mtoto akipewa, huacha kukohoa na kupiga chafya, hula sana, mashavu hujaa, na nyumba nzima hufurahi. Lakini steroidi ya kumezwa ikiendelea kwa miezi bila mganga, hudumaza mwili, hudhoofisha mifupa na kupunguza nguvu ya kupambana na maradhi. Tezi zilizo juu ya figo nazo huacha kazi yake, hata dawa ikikatwa ghafla mtoto anaweza kuzimia na kufa. Kwa hiyo aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiiache kwa amri ya nyumbani. Ni mganga atakayeipunguza hatua kwa hatua.

Dawa ya kuvuta ni kidogo mno, hupimwa kwa mikrogramu, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kifuani. Haikosi madhara. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliotumia budesonidi kwa miaka kadhaa walipokuwa watu wazima walipungua kimo kwa wastani wa sentimeta 1.2. Basi mtoto apimwe urefu mara kwa mara, na apewe kipimo kidogo kabisa kinachotosha. Lakini sentimeta moja haiwezi kulinganishwa na pumzi ya mtoto. Baada ya kuvuta dawa asukutue kinywa na kutema maji, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Pampu peke yake haimfai mtoto mdogo, kwani dawa huishia ulimini. Hupitishwa katika chupa maalumu. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town walionyesha kwamba, kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, hufanya kazi sawa na ile ya kununuliwa. Mhudumu wa afya aonyeshe namna ya kuitengeneza.

Zipo na dawa nyingine za kutahadhari. Montelukasti inaweza kuvuruga usingizi na tabia, hata kuleta mawazo ya kujiua. Mnamo Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote. Mtoto akibadilika, mganga aarifiwe mara moja. Ketotifeni huleta usingizi, na faida yake huchukua majuma kuonekana. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuzuia pumzi.

Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliamua kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya umma. Basi safari ya kwanza iwe ya kituoni, si ya dukani, wala dawa ya mtoto wa jirani isiazimwe.

Maisha ya askari ni ya zamu na uhamisho. Baba yuko doria, mama yuko peke yake, na mtoto anabanwa saa nane za usiku. Kwa hiyo maagizo ya mganga yaandikwe na kubandikwa ukutani: dawa ipi ya kila siku, ipi ya dharura, na wakati gani wa kukimbilia kituoni. Mtoto asiyeweza kusema wala kunyonya, ambaye mbavu zinaingia ndani au midomo inageuka rangi, hangojewi mpaka kupambazuke. Familia ikihamishwa, dawa na cheti cha mtoto visafiri mkononi, visifungwe chini ya mizigo.

Askari hapokei lindo bila makabidhiano, wala haliachi bila amri. Dawa ya kinga ya mtoto inastahili nidhamu hiyo hiyo.