SPEA ZA LORI LETU: BOKSI SI KIPURI

Mazungumzo ya Kamati ya Lori mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya ndugu ambao hawakuwepo.



Tumeitwa hapa kujibu, nasi tunajibu. Msimu uliopita, mwezi wa Juni, Fuso letu lililala gereji siku 43. Alizeti ilikuwa imeshapigwa na magunia yamejaa ghalani. Walanguzi waliposikia kwamba lori la chama ni bovu, walikuja na magari yao hadi mlangoni wakataja bei waliyoipenda wao. Wako mama zetu waliouza kwa bei hiyo kwa sababu ada za watoto hazingojei injini. Wengine wenu mmesema kwamba Kamati ilinunua spea za bei poa ili ibaki na chenji. Chenji hatukula, na vitabu viko mezani, asomaye na asome. Lakini kosa tulilifanya, na tutaeleza ni kosa gani, maana si lile mnalolidhani.

Ilikuwa hivi. Lori lilifikia kumwagwa oili. Fundi akaandika: oili, filta ya oili, filta mbili za dizeli. Tukatuma watu wawili Dodoma mjini. Kwa wakala wa kampuni ya gari waliambiwa filta ya oili imekwisha, mpaka iagizwe Dar es Salaam. Wakaenda dukani. Muuzaji akaweka filta mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndani ya boksi lenye jina na nembo ya kampuni ya gari letu, limechapwa vizuri, linang'aa. Ya pili ilikuwa ya kiwanda kinachotengeneza filta tu, boksi lina jina la kiwanda chenyewe. Bei zilikaribiana. Watu wetu wakachukua ile yenye jina la gari. Nani kati yetu asingeichukua?

Safari ya tatu baada ya hapo, tukiwa tumepita Mbande na shehena, taa ya oili ikaanza kuwakawaka. Dereva alisimama hapo hapo, tunamshukuru, lakini injini ilikuwa imeshaanza kunoki. Ilipofumuliwa, fundi alitoa kwenye njia za oili vipande vya karatasi vilivyolowa na gundi nyeusi. Beringi za krankshafti zimeliwa, krankshafti yenyewe ikabidi ipelekwe kuchongwa. Filta yetu ilikuwa imeyeyuka tumboni.

Basi leo tumekuja na filta tatu. Tumezikata kwa msumeno wa chuma, ziko mezani, pita uone, shika kwa mkono wako. Ya kwanza ni ya wakala, tuliyoipata baadaye. Ya pili ni ya kile kiwanda tulichokikataa. Ya tatu ni ndugu yake ile iliyotuua, tuliinunua tena pale pale kwa makusudi. Tazama ya kwanza na ya pili: karatasi nene, mikunjo imebanana na imepangwa sawasawa, ncha zimeshikwa vizuri, na pale kwenye matundu kuna kipande cha mpira laini. Huo mpira kazi yake ni kuzuia oili isirudi yote chini injini inapozimwa, ili asubuhi ukiwasha, oili ifike juu mapema. Sasa tazama ya tatu. Mikunjo michache, imeachana kama meno ya mzee. Mpira ni mgumu, ukiukunja unavunjika. Gundi inabanduka kwa kucha. Lakini ukilirudisha bati lake na boksi lake, ndiyo inayopendeza kuliko zote.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Hatukudanganywa na spea ya nje ya kampuni. Tulidanganywa na jina la kampuni. Tuliikataa filta ya kweli kwa sababu haikuvaa jina la gari, tukanunua ya uongo kwa sababu imelivaa.

Kwa hiyo tunaposikia pendekezo lililo mbele ya mkutano, kwamba kuanzia sasa kila kitu kinunuliwe kwa wakala peke yake, tunaomba tusikilizwe kwanza kabla ya mikono kunyanyuliwa.

Ndugu zangu, kampuni inayotengeneza lori haitengenezi kila kitu kilichomo ndani ya lori. Inanunua vingi kwa viwanda vingine. Pampu za dizeli: Bosch ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na malori ya kampuni chungu nzima yamezifunga. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yalifungwa pampu za Diesel Kiki, kiwanda kilichobadili jina kuwa Zexel mwaka 1990. Denso nao wanatengeneza pampu na nozeli, NSK na Koyo beringi, Exedy klachi, Donaldson filta. Kipuri cha namna hiyo kinaweza kutoka kiwanda kile kile, kimoja kikaingia boksi la kampuni ya gari na kingine boksi la aliyekitengeneza. Ukienda kwa wakala unalipia boksi, unalipia ghala lake, na pia unalipia yeye kuwajibika kwako. Hiki cha mwisho kina thamani, hatukidharau. Ila katika bei tulizokusanya, kwa vitu vingi tofauti ilikuwa mara mbili, na vingine zaidi. Tukinunua kila kitu huko, mpaka kioo cha pembeni na madigadi, mfuko wa lori utakauka kabla ya mavuno, na siku breki zikihitaji fedha hazitakuwepo.

Lakini spea za nje ya kampuni nazo si ukoo mmoja. Wapo wenye kiwanda na jina lao, wakiharibu wanajulikana. Wapo wanaotengeneza vya kati, vinafanya kazi ila havidumu. Na wapo wezi, ambao hawaweki jina lao popote, wanachukua la mwenzao. Wote hawa wanauzwa mtaa mmoja, pengine rafu moja. Fundi akikwambia "hii ni jenuini, hii ni ya kawaida", bado hajakwambia kitu. Muulize imetengenezwa na nani.

Wazee wetu watatukumbusha kwamba taabu ya spea katika nchi hii ya Ugogo haikuanza na sisi. Hapo Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta mradi wa karanga na matrekta na mabuldoza ya mabaki ya vita, mengine yametolewa mpaka Ufilipino. Ardhi ngumu, mashine kuukuu, spea haba. Mwaka 1951 mradi ulikwisha. Halafu miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, magari na spea vilipitia shirika la umma, SMC, na fedha za kigeni hazikuwepo. Lori lilikaa juu ya mawe likingoja gasketi moja, na fundi hodari alikuwa yule anayejua kuua gari moja ili kuponya jingine. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, spea zikaingia, na walanguzi wa spea wakaingia nazo. Siku zile swali lilikuwa ipo au haipo. Sasa ipo kila mahali, na swali limekuwa gumu zaidi.

Sasa, Kamati inapendekeza nini? Kabla ya kununua kipuri tujiulize: hiki kikifa, kinakufa na nani?

Kioo cha taa kikifa, kinakufa peke yake. Egzozi ikitoboka tutapiga kelele barabarani mpaka nyumbani. Vitu hivyo tununue popote, tuangalie bei tu. Springi zikikatika mafundi wetu wa hapa hapa wanazijua, na bushi zinachongwa Dodoma kwa mashine vizuri kabisa. Hata gia boksi ya mtumba kutoka gari lililopata ajali, ikikaguliwa na fundi wetu, si dhambi.

Filta haifi peke yake. Filta ya oili mmeiona. Ya hewa ndiyo tunaiogopa zaidi sisi watu wa huku, kwa sababu ya vumbi. Kiangazi, ukifuata lori jingine njia ya vumbi, huoni hata bega lake. Lile vumbi lina mchanga, na mchanga ukipita kwenye ufa mdogo wa filta unakwangua silinda na ringi kama msasa. Injini haifi siku hiyo. Inaanza kula oili, inatoa moshi wa buluu, inakosa nguvu kilimani, na mwaka unaofuata tunamlaumu dereva. Na tuache tabia ya kuipuliza kwa upepo mkali wa kompresa mara kwa mara. Karatasi inatoboka, jicho halioni. Filta zote, basi, ziwe za wakala au za kiwanda kinachojulikana, tena tununue za akiba mapema, tusije tukabanwa na haraka kama siku ile. Haraka ndiyo iliyotupeleka dukani.

Nozeli na pampu, hapo hatutaki ubishi. Ndani ya pampu ya dizeli kipande kinacheza ndani ya kingine kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita. Nozeli mbovu haipulizi dizeli kama ukungu, inaidondosha, na pistoni inaweza kuungua ikatoboka. Tununue za aliyezitengeneza, awe na boksi lake au la kampuni, na zisifungwe kabla ya kupimwa kwenye mashine ya kupimia. Atakayetuambia "funga tu, zitajiseti zenyewe" tumshukuru na tuondoke.

Breki. Mnajua kwamba lori letu hukodishwa kwenda Kanda ya Ziwa, na njia hiyo inateremka mlima Sekenke, baada ya Singida. Lainingi duni ukiijaribu hapa kijijini inashika vizuri, kwa sababu imepoa. Ikipata moto mteremkoni na tani za watu mgongoni, inaanza kuteleza, na mguu wa dereva unafika chini bure. Mteremkoni hakuna pa kurudishia spea. Lainingi, mipira ya breki na paipu zake tununue kwa wakala hata kama ni kuuza mbuzi, au za kiwanda chenye jina kama fundi wetu ameshazifunga na anazishuhudia. Za mtumba, hapana kabisa. Kulia na kushoto kwa ekseli moja zifungwe za aina moja. Tena utingo asipulize vumbi la breki kwa mdomo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na za bei ya chini hatujui zimetiwa nini. Asafishe kwa maji.

Trekta jipya tunalotarajia ni jambo jingine: likiwa bado na dhamana ya muuzaji, tufuate masharti yake mpaka dhamana iishe.

Watu wakauliza, na huyo mwenye duka? Tulimrudia. Alisema yeye naye aliuziwa, na pengine ni kweli. Tulipomwomba arudishe fedha aliuliza risiti, nasi hatukuwa nayo, tulipewa kikaratasi cha mkono. Kwa hiyo hapo tumeshindwa. Ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayokamata bidhaa bandia. Tungeweza kupeleka malalamiko. Lakini utapelekaje shauri bila karatasi? Kuanzia sasa hakuna kipuri kitakachoingia stoo bila risiti ya mashine ya EFD yenye jina la chama.

Tumefungua pia daftari la spea. Kila kipuri kinachotolewa garini kinafutwa mafuta, tunanakili namba iliyogongwa juu yake, na tunakipeleka chenyewe mjini kulinganishwa. Kipya kipimwe uzito kwa mkono, kitazamwe maandishi yake kama yamegongwa au yamebandikwa, na boksi lililoandikwa jina kwa herufi pungufu lirudi hapo hapo. Mnacheka, lakini lipo moja hapa mezani lenye herufi pungufu, na sisi tulio hapa mbele tulilisoma mara tano tusione. Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyeliona.

Siku 43 hatuwezi kuzirudisha. Wale waliouza kwa walanguzi majina yao tunayo, na Kamati imekubali posho zake za robo hii ziingizwe kwenye mfuko wa lori ili wapunguziwe nauli ya magunia msimu huu. Hazitoshi, tunajua. Mkutano ukitaka kuchagua Kamati nyingine, tutakabidhi daftari, ufunguo wa stoo na hizi filta tatu.

Filta za akiba ziko stoo, za oili nne na ya hewa moja, zote zina risiti. Lori linaondoka kesho kutwa alfajiri kwenda sokoni Kibaigwa. Wenye magunia wayafikishe ghalani kesho kabla ya magharibi, yakiwa yameshonwa.