Land Rover Kuukuu Nyumbani: Anza na Chesisi



Land Rover ya zamani hudanganya macho. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, haishiki kutu kama chuma. Chesisi ndiyo ya chuma, nayo huoza kimyakimya huku juu kunang'aa. Kabla ya kununua rangi, ingia chini na nyundo ndogo uigonge polepole. Ikitoa sauti butu, au nyundo ikizama, mwite fundi wa kuchomelea.

Lakini usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee! Liweke kwenye stendi imara.

Breki wengi huziacha mwisho, zitangulie injini.

Ukibadilisha injini au rangi, iarifu NTSA, logibuku ilingane na gari kabla halijaingia barabarani.