Alimpisha kijana, akabaki na kalamu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa kikundi kimoja cha maigizo cha mtaani. Tunayachapa kwa faida yako wewe ambaye hukuwapo.)



Mtaani kwetu kumwita mtu kikaragosi ni tusi. Maana yake hana maneno yake mwenyewe. Anafumbua mdomo, lakini anayesema ni mwingine aliyejificha nyuma. Watu wa namna hiyo tunawajua, na jina tumewapa: vibaraka. Sasa mimi leo nimesimama hapa kuvisifia vikaragosi! Msicheke. Nimekuja kumkumbuka mtu aliyevitungia vikaragosi maneno kwa karibu miaka 40, na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichokuwa kibaraka.

Mtu huyo ni Mmarekani, Jerry Juhl. Alizaliwa mwaka 1938 mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, na alifariki dunia Septemba 2005 huko California kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 67. Jina lake huenda ni geni kwako. Lakini nikikutajia yule chura wa kijani, Kermit, au yule nguruwe jike mwenye maringo, Miss Piggy, utasema hao nawafahamu, niliwaona kwenye televisheni ya jirani. Basi uliwaona, ukacheka, ukaenda kulala, wala hukujiuliza nani aliyeandika kile kilichokuchekesha. Mwandishi ndivyo alivyo. Kazi yake inajulikana, yeye hajulikani.

KOTI KUUKUU

Tuanze mwanzo. Kermit alitengenezwa mwaka 1955 na kijana mmoja aitwaye Jim Henson. Hakuwa na mtaji wa kutisha. Alichukua koti kuukuu la mama yake, akalikata na kulishona. Macho akayafanya kwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa katikati. Ninyi mnaosema hamuwezi kuanza mpaka mpate mfadhili, lisikieni hilo la koti.

Mwaka 1961 Henson na mkewe Jane walikwenda California kwenye mkutano wa wachezesha vikaragosi. Huko wakakutana na vijana wawili. Mmoja ni Juhl. Wa pili ni Frank Oz, mvulana wa miaka 17, mtoto wa wachezesha vikaragosi, mwenye mkono wa ajabu. Henson alimtamani huyu mdogo, lakini alikuwa bado yuko shuleni. Basi aliyeajiriwa akawa Juhl. Aliingia kazini kama mchezeshaji, si kama mwandishi.

Mwaka 1963 Oz akafikisha miaka 19, naye akaja kujiunga.

Hapo ndipo ninapotaka usimame nami kidogo, ndugu msomaji. Wewe ndiye uliyetangulia. Unakijua chumba, unamjua tajiri, unajua chai inawekwa wapi. Anaingia kijana mdogo kuliko wewe, na siku ya kwanza tu kila mtu anaona kwamba mkono wake umeuzidi wako. Utafanyaje? Sema kweli! Katika vikundi vyetu tunayajua yanayotokea. Kijana atatumwa maji mwaka mzima. Ataambiwa asubiri, zamu yake haijafika. Atafichiwa siri ya kazi, kwa sababu mzee anaogopa kunyang'anywa tonge. Mwishowe kijana anakata tamaa, anarudi kijiweni, na mzee anabaki na jukwaa lisilo na watazamaji.

Juhl hakufanya hivyo. Baada ya Oz kufika, yeye aliacha kuchezesha hatua kwa hatua, akashika kalamu. Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alilizoesha taifa neno kung'atuka. Sisi tumelifanya neno la wakubwa peke yao, kumbe hata katika chumba cha vikaragosi mtu anaweza kung'atuka, tena kwa heshima. Na angalia faida yake. Oz huyo ndiye aliyekuja kumchezesha Miss Piggy na dubu Fozzie. Na mengi aliyoyasema Miss Piggy kwa sauti ya Oz yalitoka kwenye kalamu ya Juhl. Aliyempisha mwenzake mlangoni ndiye aliyekuja kumpa maneno.

KUMWANDIKIA MTU

Kazi yenyewe ni ngumu. Mchezeshaji anaingiza mkono ndani ya kichwa cha kikaragosi, anauinua juu ya kichwa chake mwenyewe, na anaitazama televisheni ndogo iliyowekwa chini ili ajue watu wanaona nini. Mkono unauma, shingo inauma. Mwandishi aliyewahi kuinua mkono huo anajua sentensi ndefu ni mateso. Juhl alijua, kwa sababu aliuinua mwenyewe.

Mwaka 1969 mchezo wa watoto wa Sesame Street ulipoanza Marekani, Juhl alikuwa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo. Ni mti ule ule uliozaa tawi lililofika mpaka Tanzania na kusema Kiswahili, Kilimani Sesame. Kisha likaja onyesho la The Muppet Show. Vituo vikubwa vya Marekani vililikataa! Mfanyabiashara wa Uingereza, Lew Grade, ndiye aliyelipokea, likapigwa picha studio za Elstree karibu na London. Kuanzia 1976 hadi 1981 vilitoka vipindi 120, vikaonekana katika nchi zaidi ya 100. Kuanzia mwaka wa pili, Juhl ndiye aliyekuwa mkuu wa waandishi.

Mle ndani alikuwamo kikaragosi mmoja, Gonzo. Ana pua ndefu ya kupinda, na haijulikani ni mnyama gani. Mchezeshaji wake, Dave Goelz, alikuwa fundi wa kutengeneza vikaragosi, mtu wa haya, si mzoefu wa kuigiza. Mwanzoni Gonzo alikuwa na macho ya huzuni na alikuwa wa kuonewa. Kadiri Goelz alivyojiamini, Gonzo naye aliandikwa akiwa jasiri zaidi, mpaka akawa yule kichaa wa kurushwa kwa mzinga. Waandishi walimtazama mtu, wakaandika kile alichokuwa anakaribia kukiweza. Huo ndio ualimu.

WANAOKULA NA WANAOJENGA

Mwaka 1983 ukaanza mchezo wa Fraggle Rock, uliopigwa picha mjini Toronto, Kanada. Henson alikuwa amewaambia wenzake anataka mchezo wa watoto utakaosaidia kukomesha vita. Juhl akawaongoza waandishi. Nani aliwakusanya? Si wazoefu wa televisheni tu. Walikuwamo washairi, kama bpNichol, ambaye mashairi yake yalikuwa ya kuchanganya watu kabisa, na vijana ambao majina yao yalikuwa bado hayajatajwa popote.

Kuna kipindi kimoja nataka ukibebe uende nacho nyumbani. Chini ya ardhi wanaishi Fraggle, watu wa kucheza na kuimba. Jirani zao ni Doozer, vijitu vidogo vinavyojenga majumba mchana na usiku kwa unga wa figili. Fraggle wanayala majengo hayo! Siku moja mmoja wao anaona aibu. Anasema huu ni wizi wa jasho la wanyonge, tuache. Wenzake wanakubali, wanaacha kula. Kumbe baada ya siku chache nafasi ya kujenga inakwisha, na Doozer wanafunga mizigo wahame. Wao hujenga ili yaliwe, wapate kujenga tena. Yule mwenye huruma hakuwahi kuwauliza.

Mtoto anacheka. Mtu mzima anajiuliza ni mara ngapi ametoa uamuzi juu ya watu bila kuwauliza. Sitafafanua zaidi, ninyi si watoto.

BAADA YA MSIBA

Mei 1990 Henson alifariki ghafla mjini New York, akiwa na miaka 53. Wengi walidhani chura naye amekufa. Miaka miwili baadaye, 1992, ikatoka filamu ya vikaragosi iliyotokana na hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens. Aliyeiongoza alikuwa Brian, mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 29 ambaye hakuwa ameongoza filamu kubwa kabla ya hapo. Aliyeiandika alikuwa Juhl. Tazama tena: mzee yuko pembeni na kalamu, kijana yuko mbele. Na ni nani aliyepewa kazi ya kuwa Dickens mwenyewe, msimulizi wa hadithi nzima? Gonzo! Yule wa macho ya huzuni.

Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye maigizo muda wa kutosha kujua kwamba nami nimewahi kuwa mzee mbaya. Nilimficha kijana mmoja daftari langu. Aliniomba mara mbili, nikamwambia kesho. Aliacha maigizo. Siku hizi namwona stendi akiita abiria wa daladala, na sauti yake ni ile ile niliyoiogopa. Ndiyo maana nimemchagua Juhl leo.

Basi ombi langu ni dogo. Mkimaliza hapa, kila mwenye daftari la michezo alitoe, wadogo walisome na kulinakili. Mkipanda jukwaani mara nyingine, mtangazaji alitaje jina la aliyeandika kabla ya la aliyeigiza. Na wewe msomaji, kama kuna mtu aliyewahi kukupisha ukapita, na bado yu hai, usingoje matanga. Mfuate leo, umwambie.

Daftari langu hili hapa. Naliacha mezani.